Salamu Ambazo Bibi Hakuzituma

Juzi nilikuwa stesheni ya Tabora nikimngoja mwanangu anayesoma Mwanza. Nilikuwa nimewahi mno, basi nikakaa kwenye benchi la nje. Lori lililojaa marobota ya tumbaku likasimama karibu yangu, dereva akashuka kununua chai, na ile harufu ikashuka pamoja naye: tamu, nzito, yenye moshi ndani yake. Watu wengine walifunika pua. Mimi niliivuta mpaka machozi yakanilenga, na mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka nyumbani.

Nyumbani ni Ulyankulu. Vijiji vyetu viliitwa kwa namba za barabara, kana kwamba waliotupokea hawakutarajia tukae muda wa kutosha kuvipa majina. Bibi yangu, mama yake mama, alifika hapo kwa miguu kutoka Burundi akikimbia mauaji, na watoto wawili na chungu kimoja. Mume wake alibaki huko nyuma, kwenye shimo ambalo hakuonyeshwa. Nyumbani tulisema Kirundi, shuleni Kiswahili, na kanisani vyote viwili, maana Bibi alisema Mungu hana haja ya mkalimani.

Tuliishi watatu: Bibi, mimi, na Velediana, binti wa mjomba, aliyenizidi miaka mitano na kwa hiyo alijua kila kitu duniani. Baba yangu alikuwa amekwenda Mpanda kutafuta kazi kabla sijazaliwa, na huko akapotelea. Mama niliambiwa alichukuliwa na Mungu barabarani siku niliyozaliwa. Hivyo tu. Nami niliyachukua maneno hayo yalivyo. Nilidhani Mungu hupita kwenye barabara ile kuu akichagua watu, kwa hiyo kila nilipotumwa dukani nilitembea pembeni, ndani ya majani, asinione.

Msimu wa kukausha tumbaku kijiji kizima kilinukia. Kila kaya ilikuwa na bani lake, kibanda cha kukaushia majani kwa moto, na moshi ulitoka kwenye mabani yale wiki nzima bila kukoma, ukaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye maziwa. Ni kaya moja tu haikuwa na bani, ya Mzee Simeoni. Alikuwa na maksai wanne na mkokoteni imara kuliko yote, lakini alilima mahindi na karanga tu. Watoto tulisema akigusa tumbaku anavimba. Mimi niliamini, na nilimwonea huruma.

Nyumba yake ilikuwa kati yetu na kigango, kanisa letu dogo. Njia ya kwenda kusali ilipita kabisa mbele ya mlango wake, na watu wote waliipita. Sisi hatukuipita. Bibi alitushika mikono, akakata kushoto, akatuzungusha mbugani kupitia majaruba ya mpunga, kisha tukatokea nyuma ya kanisa, miguu imejaa tope jeusi. Tulinawa kwenye bomba, tukaingia tumechelewa, Jumapili baada ya Jumapili. Nilipomuuliza Velediana kwa nini, alijibu bila kufikiri, "Ng'ombe wa Mzee Simeoni walikula mihogo yetu."

Nilikuwa darasa la tatu nilipoanza mafundisho ya kitubio na komunyo ya kwanza. Katekista wetu, Mwalimu Gervasi, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na alifundisha akitembea huku na huku kati yetu. Siku moja alisimama karibu na mkeka wangu akasema, "Msidhani mtamfikia Mungu kwa kuzunguka nyumba ya jirani mliyemnunia. Njia ya kwenda kwa Mungu inapita mlangoni kwake."

Nilihisi masikio yanaungua. Wenzangu wote walisikia fumbo la kawaida la katekista. Mimi nilisikia habari za nyumbani kwetu. Niliona wazi kwamba Mwalimu Gervasi anajua kuhusu majaruba, kwamba kanisa zima linajua, na kwamba miaka yote ile tulikuwa hatufiki kwa Mungu ingawa tulifika kanisani. Nikaamua kulimaliza jambo hilo mwenyewe. Mihogo ni mihogo tu, na mingine ilikuwa imeshaota.

Kesho yake nilipotoka shule nilinyoosha moja kwa moja hadi kwa Mzee Simeoni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda akichonga nira. Mkewe, Mama Skola, alikuwa akipepeta karanga mlangoni. Waliponiona wote wawili waliacha kazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alinitazama, akatazama njia niliyotoka, kisha akanitazama tena. "Umepotea?"

"Sikupotea. Nimekuja kwa ajili ya mihogo."

"Mihogo gani?"

"Ile waliyoila ng'ombe wako. Tumesamehe."

Mama Skola aliweka ungo chini. Mzee Simeoni akauliza polepole, kama mtu anayeshika kitu cha moto, "Mmesamehe, nani na nani?"

"Sisi. Nyumbani."

"Bibi yako ndiye aliyekutuma?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusema hapana. Lakini nilimwona jinsi alivyoinamisha kichwa kulisubiri jibu langu, mtu mzima, mvi kichwani, na nikaona hapana litamuumiza.

"Ndiyo," nikasema.

"Amesema kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, babu."

Alivua kofia yake akajifunika uso. Nilidhani vumbi la mti limemwingia machoni. Mama Skola alinijia, akapiga magoti mbele yangu, mimi mtoto, akanishika mikono yote miwili, akarudia neno moja la Kirundi, "Urakoze, urakoze." Ahsante, ahsante. Alinipa mayai matatu. Niliyala njiani mabichi, moja baada ya jingine, nikijiona mtume.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Bibi alikuwa uani akichambua maharage. Mimi na Velediana tulikuwa tukimenya viazi. Nikawaona wakija, Mzee Simeoni na mkewe, wamevaa nguo zao za kanisani, mzee amembeba kuku jike mwekundu kwapani. Walipofika mwanzo wa ua wetu akavua viatu. Akatembea peku hadi mbele ya Bibi, akapiga magoti.

"Mama Yustina," akasema.

Yustina lilikuwa jina la mama yangu. Sikuwahi kumsikia mtu mwingine akimwita Bibi hivyo. Wote walimwita Bibi Konsolata.

"Mama Yustina, nimepokea salamu zako. Miaka minane nimezingoja. Nimekuja kushukuru."

Mikono ya Bibi ilisimama ndani ya maharage. "Salamu zipi?"

Mzee Simeoni aligeuza macho yake kwangu. Mimi nikayapeleka yangu kwenye kisu. Yule kuku akaanza kuhangaika kwapani.

"Sijakutumia salamu," Bibi akasema. "Mtoto amesema uongo."

Nilitegemea asimame, aondoke kwa aibu. Hakusimama. Alisema, "Basi nimekuja bila kuitwa. Lakini kwa kuwa magoti yameshafika chini, niache niseme. Siku ile nilipima vibaya. Sikupima kama binadamu."

"Inuka, Simeoni."

"Mama Yustina..."

"Usiniite kwa jina hilo. Inuka, uende. Usiniharibie siku ya Bwana."

Waliondoka. Viatu vyake alivibeba mkononi mpaka walipopotea nyuma ya migomba. Kuku walikuwa wamemwacha, na Bibi akamtuma Velediana kumrudisha.

Nilingoja fimbo. Kwa uongo mdogo zaidi ya huo niliwahi kuchapwa. Lakini Bibi aliingia ndani, akakaa huko kitambo, kisha akaniita na kunikalisha mbele yake kwenye mkeka. Alianza kuzisuka nywele zangu ingawa zilikuwa zimesukwa juzi yake. Alizifumua na kusuka upya, na huku akisuka alinieleza, uso wake nyuma yangu, nisiuone.

Mama alinizaa asubuhi, hapo hapo nyumbani, na damu haikukatika. Mjomba Leonsi, baba yake Velediana, akampakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Bibi alibaki na mimi. Kwenye njia panda tairi likapasuka. Mzee Simeoni akatokea na mkokoteni umejaa tumbaku, anawahi soko kabla mvua haijanyesha. Mjomba alimsihi ateremshe marobota, ampakie mgonjwa. Mzee Simeoni akatazama mawingu. Akasema tumbaku ikilowa jasho la mwaka mzima limekwenda. Akasema atafika ghalani, atashusha, atarudi mara moja. Mjomba akakimbia kutafuta baiskeli nyingine. Aliporudi nayo, mama alikuwa amekwisha kufa chini ya kichaka, peke yake. Mzee Simeoni naye alirudi na mkokoteni mtupu, kama alivyoahidi. Alichokuja kubeba ni maiti.

"Alipima tumbaku na mwanangu," Bibi akasema. "Akaona tumbaku ni nzito."

Nilimuuliza, "Na wale waliomuua babu? Wale unawaombea kila Ijumaa."

Mikono yake ilitulia kichwani mwangu. "Wale sikuwajua. Huyu alikula ugali wangu. Tulivuka mto Malagarasi pamoja, nilimbebea mtoto."

Sijui alitarajia nini kutoka kwangu. Mimi mwenyewe sikutarajia kilichonipata. Nilikuwa na mama ghafla. Hadi siku ile mama alikuwa neno tu la kwenye sala. Sasa alikuwa na damu, na baiskeli, na kichaka, na nilipompata tu nikawa nimenyang'anywa, na aliyeninyang'anya nilimjua jina na nyumba. Nilianza kumchukia Mzee Simeoni kwa bidii ile ile niliyomwendea na mihogo yangu. Niliwarushia maksai wake mawe kisimani. Nilitema mate nilipomwona Mama Skola. Mafundisho niliyaacha. Mwalimu Gervasi aliponifuata nyumbani nilijificha ndani ya bani, nikakaa katikati ya majani yaliyoning'inia, nikimsikia Bibi akimtafutia maneno ya udhuru.

Jioni hiyo, tukila, Bibi aliniuliza kwa upole kama sitaki tena komunyo.

"Sitaki," nikasema. "Nikikua nitachoma nyumba yake. Nitachoma na mkokoteni, na ng'ombe wakiwa ndani ya zizi."

Velediana alicheka kwa woga. Bibi hakucheka. Alinitazama kwenye mwanga wa kibatari kama mtu anayemtambua mtu aliyemwona mbali, zamani. Aliweka tonge lake sahanini na hakulichukua tena. Nilipokuwa nimelala, au nilivyodhaniwa nimelala, nilimsikia akimwambia Velediana, "Wale waliotuchomea nyumba kwetu hawakuokota chuki njiani. Nao walilelewa. Walikuwa na bibi kama mimi, akiwasuka nywele."

Asubuhi alinivisha gauni la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Tulipofika penye njia ya mbugani nikakata kushoto kwa mazoea. Bibi alinivuta mkono. Tukaenda moja kwa moja. Nilisikia pumzi yake ikibadilika kadiri paa lile lilivyokaribia. Mara mbili alisimama. Mara ya pili nilidhani tutarudi, na nilifurahi.

Mzee Simeoni alikuwa akiwafunga maksai. Alipotuona aliziacha kamba zikaanguka.

"Amahoro," Bibi akamsalimu. Amani.

"Amahoro," akaitikia.

"Simeoni, sikuja kwa sababu uchungu umeisha. Uchungu ninao."

"Najua."

"Nimekuja kwa sababu mtoto huyu ameanza kufanana na mimi. Aliyekufa ni mama yake yeye, si mwanangu tu. Hayo uliyotaka kuniambia ukiwa umepiga magoti, mwambie yeye. Mimi nitasikiliza."

Alikaa chini, mavumbini, ili uso wake ulingane na wangu. Hakujitetea. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akisema na mtoto namna ile, bila kumficha wala kumlainishia. Alisema, "Mama yako alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa na mkokoteni. Nilichagua tumbaku. Nilijidanganya kwamba kuna muda. Mjomba wako alilia, nikamwona anavyolia, na bado nikachagua tumbaku. Hakuna siku sijaiona njia panda ile. Sikuombi unisamehe. Wewe ni mtoto, huo ni mzigo mkubwa. Nilitaka ujue kwamba sikusahau na sisingizii mvua."

Nilikuwa nimejiandaa kutema mate. Badala yake lilinitoka swali ambalo sikujua kama ninalo.

"Ulimwona mama? Alikuwaje?"

Alimtazama Bibi kwanza.

"Nilimwona. Mjomba wako alipokimbia, mimi nilikuwa bado nakaza kamba. Alikuwa ameketi chini ya kichaka, amejifunga kitenge cha bluu. Nilimpa maji kwenye kibuyu changu. Alikunywa kidogo. Aliniuliza kama nimepita kwenu, kama nimemsikia mtoto akilia. Nikamwambia nimepita, nimesikia, analia kwa nguvu. Akacheka. Akasema, 'Basi ana mapafu mazuri.' Kisha akatazama juu, akaniambia, 'Wahi, baba, mvua isikukute.'"

Nyuma yangu nilisikia sauti ambayo sikuijua. Bibi alikuwa amekaa chini pale alipokuwa amesimama, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, anatoa sauti kama mtu anayepandisha mlima. Miaka minane alikuwa hajui kama mwanawe alisema neno lolote. Mjomba Leonsi hakuwapo kulisikia. Aliyelisikia alikuwa ni yule mmoja tu ambaye Bibi hakutaka kumsikia.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Ningeanzia wapi, mama? Ningesema alinitakia heri? Ungedhani najitetea."

Mimi nilimvuta shati. "Rudia," nikasema. "Rudia pale alipocheka."

Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Alirudia mara nne au tano, bila kuongeza wala kupunguza neno, na Mama Skola alituletea maji kwenye kata moja, tukanywa kwa kupokezana, Bibi akiwa wa mwisho.

Nilirudi kwenye mafundisho, na wiki mbili baadaye nilikwenda kwa padre na dhambi moja kubwa na ile ya mayai matatu. Nilimwambia nilisema uongo kwamba Bibi amesamehe, kumbe bado.

"Na sasa?" akauliza kutoka upande wa pili wa pazia.

"Sasa amefika nusu, padre."

Alikohoa muda mrefu kidogo kabla ya kunipa malipizi.

Nisiwadanganye wenzangu wa rika langu, mliolelewa kwenye hadithi ambazo watu hukumbatiana na zikaisha. Bibi na Mzee Simeoni hawakuwa marafiki. Kuna Jumapili tulipita mlangoni kwake tukasalimiana na kuulizana habari za mvua. Kuna Jumapili nyingine, hasa mwezi ule nilipozaliwa, ambapo Bibi alifika kwenye kona akanishika mkono kimya akakata kushoto, nami nikamfuata kwenye tope bila kuuliza. Mzee Simeoni alituona tukizunguka na hakulalamika kamwe. Wiki iliyofuata tulimkuta mlangoni kama kawaida, kofia mkononi. Komunyo, ambayo tulikuja kujua hakuipokea miaka yote ile, alianza kuipokea tena. Na mimi, kila nilipopelekwa kununua karanga kwao, nilidai kwanza nisimuliwe habari za kitenge cha bluu. Nimemjua mama yangu kutoka kinywani mwa mtu yule. Sina mahali pengine nilipomjulia.

Bibi alizeeka sana. Mwaka wake wa mwisho nilimleta mjini kwangu, akalala kwenye chumba cha mbele ambako alisikia treni, na alipenda kuuliza inatoka wapi. Mchana mmoja nikimpaka mafuta miguuni, ile miguu iliyotembea kutoka Burundi, nilipata ujasiri wa kumuuliza.

"Bibi, siku ile tulipokwenda kwa Mzee Simeoni, ulimsamehe?"

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Siku ile nilianza," akasema. Kisha akaniomba nimgeuze upande wa pili, maana ubavu ulikuwa umechoka.